Tuzo ya wakongwe, mshindi wa miaka sita

Tarehe 8 Juni 2025, katika ukumbi wa Radio City Music Hall jijini New York, tamthilia nne zilikuwa zinawania Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maonyesho ya Broadway (kumbi kubwa za tamthilia za New York), kwenye kipengele cha tamthilia bora iliyofufuliwa. Mbili kati yake ni za aina ambayo mtu yeyote angeitarajia hapo. Kulikuwa na Romeo and Juliet ya Shakespeare, yenye zaidi ya miaka 400, na Our Town ya Thornton Wilder, iliyoanza kuigizwa mwaka 1938 na ambayo shule za Marekani haziishi kuiigiza. Ya tatu, Yellow Face ya David Henry Hwang, ilianza kuonyeshwa mwaka 2007. Ya nne ilikuwa Eureka Day ya Jonathan Spector, iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 2018 mjini Berkeley, California. Bahasha ilipofunguliwa, mshindi akawa Eureka Day.

Sina ugomvi na tamthilia yenyewe. Ni vichekesho vikali kuhusu shule ya binafsi ambayo bodi yake huamua kila jambo kwa maafikiano, hadi matubwitubwi yanapozuka na wazazi wakagawanyika juu ya chanjo. Kuna onyesho la mkutano wa mtandaoni ambamo maoni ya wazazi hupita kwenye skrini, yakizidi kuwa ya kipuuzi na ya hasira, na watazamaji hucheka mpaka sauti za waigizaji hazisikiki. Ilistahili tuzo. Ninachohoji ni mlango ilioingilia. Ilipofika Broadway Desemba 2024 ilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la kwanza, na tayari ilikuwa imeketishwa kwenye baraza la wazee pamoja na Shakespeare.

Kanuni inayoruhusu jambo hilo ni rahisi kuieleza. Tamthilia ikiwahi kuonyeshwa Broadway, ikafungwa, ikakaa angalau miaka mitatu na kurudi, huhesabiwa kuwa imefufuliwa. Isiyowahi kufika huhesabiwa kuwa mpya. Halafu kuna kifungu cha pembeni: kamati inayosimamia tuzo ikiona kwamba tamthilia fulani, ijapokuwa haijawahi kukanyaga Broadway, imekwisha kuingia katika hazina ya kazi za kihistoria au zinazopendwa, huipeleka kwa wakongwe. Kwa waandishi waliokufa zamani kifungu hicho hakina tatizo lolote. Mtu akileta leo tamthilia ya Ibsen ambayo Broadway haijawahi kuiona, itakuwa kichekesho kuishindanisha na kazi iliyoandikwa mwaka jana. Maswali huanza pale kifungu hicho kinapowafikia walio hai.

Sasa tuhesabu miaka. Kipengele cha kazi zilizofufuliwa kilianza mwaka 1977, michezo ya muziki na ile isiyo ya muziki ikiwa kapu moja. Mshindi wa kwanza alikuwa Porgy and Bess. Mwaka 1994 wakatenganishwa, na kwa upande wa tamthilia An Inspector Calls ya J. B. Priestley, chini ya mwongozaji Stephen Daldry, ikafungua ukurasa. Katika miaka iliyofuata wengi wa washindi walikuwa wazee wa kweli. A Doll's House ya Ibsen, ya mwaka 1879, ilishinda 1997. Private Lives ya Noël Coward, ya 1930, ilishinda 2002. Henry IV ya Shakespeare ikashinda 2004, Awake and Sing! ya 1935 ikashinda 2006, na Journey's End ya R. C. Sherriff, ya 1928, ikashinda 2007.

Tangu hapo hadi 2025 hakuna tamthilia iliyoanza kuonyeshwa kabla ya 1949 iliyoshinda. Na tangu 2017 hali imekwenda kasi zaidi. Ukipima umri kuanzia onyesho la kwanza kabisa hadi siku kazi ilipofika au kurudi Broadway, Jitney ya August Wilson ilikuwa na miaka kama 35, na Angels in America ya Tony Kushner robo karne na ushee. The Boys in the Band ya Mart Crowley ilitimiza miaka 50. A Soldier's Play ya Charles Fuller ilikuwa na 38. Take Me Out na Topdog/Underdog zilikuwa na kama 20 kila moja, Appropriate ya Branden Jacobs-Jenkins 10, na Eureka Day 6. Tangu The Boys in the Band mstari unateremka karibu bila kusita. Katika washindi hao 8, watano walikuwa wanaiona Broadway kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Kwa hiyo kipengele kile kile, chenye jina lile lile, sasa kinafanya kazi mbili zisizofanana. Ya zamani ilikuwa kumpima mtu anayechukua maandishi ambayo kila mtu anayafahamu na kuyafanya yasikike upya. Ya sasa ni kuyapokea maandishi ambayo Broadway iliyaacha nje, na kuyaomba radhi kwa kikombe cha fedha. Zote mbili ni kazi za heshima, lakini ya pili inaisukuma ya kwanza nje ya nyumba, na sioni watu wengi wakilisema hilo.

Hakuna mfano bora wa kazi ya zamani kuliko Death of a Salesman ya Arthur Miller. Ilifunguliwa tarehe 10 Februari 1949 katika ukumbi wa Morosco, Elia Kazan akiiongoza, ikaonyeshwa mara 742 na kutwaa Tony ya tamthilia bora pamoja na Pulitzer, tuzo ya uandishi ya Marekani. Lee J. Cobb, mtu mwenye mwili mkubwa aliyemwigiza Willy Loman, muuzaji wa kusafiri aliyechoka mwili na roho, hakupata Tony. Mwaka ule tuzo ya mwigizaji bora ilikwenda kwa Rex Harrison. Mwaka 1975 George C. Scott aliiongoza na kuigiza mwenyewe nafasi ya Willy. Akateuliwa, lakini kipengele cha ufufuo kilikuwa hakijazaliwa.

Mwaka 1984 akaja Dustin Hoffman, mfupi na mwembamba, karibu zaidi na Willy ambaye Miller alikuwa amemwazia tangu mwanzo kabla ya Cobb kupewa nafasi hiyo. Onyesho likashinda tuzo ya kazi iliyofufuliwa. Hoffman mwenyewe hata hakuteuliwa, jambo ambalo hadi leo linakera. Ilibidi asubiri toleo la televisheni limletee Emmy. Mwaka 1999, miaka 50 kamili tangu usiku wa Morosco, Brian Dennehy na mwongozaji Robert Falls waliileta kutoka Goodman Theatre ya Chicago. Dennehy, jitu la mtu, alimfanya Willy aonekane kama jengo linaloporomoka polepole. Wakabeba tuzo nne, ikiwemo ya Dennehy, ambaye kati ya wote waliomwigiza Willy hadi msimu wa 2023 ndiye pekee aliyepata Tony kwa nafasi hiyo. Mwaka 2012 Mike Nichols aliijenga upya nyumba ya akina Loman kwa ramani ile ile ya mbunifu wa jukwaa Jo Mielziner ya 1949, na muziki ule ule wa Alex North, kisha akamweka Philip Seymour Hoffman ndani yake. Ikashinda tena, na Nichols akashinda uongozaji.

Maandishi hayakubadilika. Kilichobadilika ni mikono iliyoyashika, na tuzo ilikuwa inaipima mikono hiyo. Miller ameshinda kipengele hiki mara sita: Salesman mara tatu, A View from the Bridge mara mbili, na All My Sons mwaka 1987. A View from the Bridge ya 1998 ilikuwa ya kiasili, yenye mitaa ya Brooklyn na makuli wa bandarini, na Anthony LaPaglia akatwaa tuzo ya mwigizaji bora. Ile ya 2016, ya Mbelgiji Ivo van Hove, ilikuwa na jukwaa tupu, waigizaji wakiwa pekupeku, baadhi ya watazamaji wamekaa pembeni kabisa mwa jukwaa kama mashahidi wa kesi, na mwisho damu ikawamwagikia wote kutoka juu. Maneno yalikuwa yale yale ya Miller, na zote mbili zikashinda. Hapo tuzo ilikuwa inajua inatafuta nini.

Kisha akaja Willy wa 2022. Onyesho lilizaliwa Young Vic ya London mwaka 2019, Marianne Elliott na Miranda Cromwell wakiliongoza, na akina Loman walikuwa familia ya watu weusi. Cromwell akalileta Broadway, Wendell Pierce akiwa Willy na Sharon D Clarke akiwa mkewe Linda. Mazungumzo hayakuhitaji kugeuzwa sana ili yaumize kwa namna mpya. Willy anapoingia kumwomba bosi kijana, mtoto wa bosi wake wa zamani, ampe kazi ya mjini, na kijana huyo mweupe anamwita kwa jina lake la kwanza huku akichezea kinasa sauti chake, onyesho lile la kufukuzwa kazi linabeba historia nzima ambayo Miller hakuiandika lakini aliiachia nafasi. London iliwapa waongozaji wote wawili Tuzo ya Olivier, na Clarke akapata ya mwigizaji bora wa kike. New York ilimteua Pierce, lakini onyesho lenyewe halikuingia hata kwenye orodha ya nne zilizowania ufufuo mwaka 2023. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa usomaji jasiri kuliko wote wa tamthilia hiyo tangu 1949.

Anayeona kwamba tukio moja halithibitishi kitu atazame kipengele cha uongozaji. Hicho hakitenganishi tamthilia mpya na zilizofufuliwa. Waongozaji wote hushindana pamoja. Mwaka 2012 alishinda Nichols kwa Salesman. Mwaka 2013 alishinda Pam MacKinnon kwa Who's Afraid of Virginia Woolf?, 2014 Kenny Leon kwa A Raisin in the Sun, na 2016 van Hove. Katika miaka mitano, mara nne mwongozaji bora alikuwa mtu aliyefufua kazi ya zamani. Kuanzia 2017 hadi 2025, hakuna hata mmoja. Rebecca Taichman, John Tiffany, Sam Mendes mara mbili, Daldry, Patrick Marber, Daniel Aukin, Sam Pinkleton: wote walishinda kwa kazi mpya. Haiwezekani kwamba waongozaji wa Broadway waliamka siku moja wakiwa wamesahau namna ya kusoma tamthilia za zamani. Kilichotokea ni kwamba tamthilia zinazoshinda ufufuo siku hizi huwa hazina historia ya Broadway ya kushindana nayo. Onyesho la kwanza Broadway haliwezi kupimwa kwa kulilinganisha na lililotangulia. Mwongozaji anaonekana kama mkunga mzuri tu, na sifa zote huenda kwa mwandishi.

Hapo ndipo linapoingia jina la Kenny Leon, mwongozaji ambaye maisha yake ya kazi ni ramani ya jambo hili. Aliiongoza A Raisin in the Sun mara mbili Broadway. Mwaka 2004 aliiongoza akiwa na Sean Combs. Phylicia Rashad na Audra McDonald wakapata tuzo, na Rashad akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Tony ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia. Onyesho lenyewe likashindwa na Henry IV. Mwaka 2014 alirudi nalo akiwa na Denzel Washington, safari hii katika ukumbi wa Ethel Barrymore, ambamo tamthilia hiyo ya Lorraine Hansberry ilifunguliwa Machi 1959. Ikashinda ufufuo, na yeye akashinda uongozaji. Mwaka 1960 tamthilia hiyo hiyo ilikuwa imeteuliwa mara nne na kuambulia patupu.

Maonyesho manne ya Leon yameshinda kipengele cha ufufuo: Fences ya August Wilson mwaka 2010, A Raisin in the Sun 2014, A Soldier's Play kwenye sherehe iliyocheleweshwa na korona hadi Septemba 2021, na Topdog/Underdog ya Suzan-Lori Parks mwaka 2023. Tuzo ya uongozaji anayo moja tu. Alipopanda kuipokea ile ya A Soldier's Play alisema, kwa maneno ya kukumbukwa, kwamba hana ubaya na Shakespeare wala Ibsen wala Chekhov, ila meza lazima ipanuliwe. Namwelewa kabisa. Fuller alipata Pulitzer mwaka 1982 kwa tamthilia iliyoonyeshwa na kikundi cha Negro Ensemble Company, na Broadway ikakaa miaka 38 bila kuifungulia mlango. Jitney ilikuwa tamthilia pekee kati ya kumi za mzunguko wa Wilson, mfululizo wake kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, ambayo haikuwahi kufika Broadway, na ilipofika mwaka 2017 Wilson alikuwa amekufa zaidi ya miaka 11 iliyopita. Ukumbi wenye jina lake ulikuwepo Broadway kabla ya Jitney kufika.

Kwa kesi kama hizo kifungu cha pembeni kinafanya kazi ya mahakama ya rufaa, na ningekitetea mbele ya mtu yeyote. Tatizo ni kwamba mahakama ya rufaa imeanza kupokea kesi ambazo hazijawahi kusikilizwa mara ya kwanza. Mwandishi wa Appropriate alikuwa na miaka 39 tamthilia yake iliposhinda kama kazi ya kufufuliwa mwaka 2024. Mwaka uliofuata alishinda tamthilia bora mpya, kwa Purpose. Mtu mmoja, kizazi kimoja, wino bado haujakauka, na ndani ya miezi kumi na miwili amekuwa mkongwe kisha akawa mgeni.

Sababu ya haya inahitaji kutafutwa mahali ambapo watu hawapendi kutazama, yaani kwenye umiliki wa kumbi. Kati ya washindi 8 tangu 2017, watano waliletwa na taasisi zisizotafuta faida zenye kumbi zao ndani ya Broadway. Manhattan Theatre Club ilileta Jitney na Eureka Day, Second Stage ilileta Take Me Out na Appropriate, na Roundabout ilileta A Soldier's Play. Taasisi hizi zina wanachama wanaolipia msimu mzima, kwa hiyo zinahitaji tamthilia kadhaa kila mwaka, za waigizaji wachache, ambazo tayari zimejaribiwa kwenye kumbi ndogo na kusifiwa na wahakiki. Ni hesabu ya busara. Tamthilia iliyofanya vizuri nje ya Broadway miaka kumi iliyopita inakuja ikiwa na jina bila kuwa na hatari. Watayarishaji wa kibiashara nao, wakitaka kufufua kitu, hutafuta jina la kuuza tiketi kwa wiki 13 au 16, kisha kila mtu anarudi kwenye filamu zake. Kazi iliyobaki bila mlezi ni ile ya katikati: tamthilia kubwa ya zamani, yenye waigizaji wengi, isiyo na nyota, ambayo mwongozaji anataka kuisoma kwa jicho jipya.

Nyingi za aina hiyo siku hizi huja zikiwa zimeshalipiwa gharama za mwanzo London. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini kwenye kipengele hiki wageni wametunzwa kuliko wenyeji: The Real Thing, Private Lives, Boeing-Boeing, The Norman Conquests, Skylight, A View from the Bridge ya van Hove na Angels in America zote zilitoka huko. Baada ya Angels mwaka 2018, mkondo huo nao umekauka kwenye orodha ya washindi.

Kesi inayoniuma zaidi ni ya mwaka 2022. Alice Childress aliandika Trouble in Mind, iliyofunguliwa 1955 katika ukumbi mdogo wa Greenwich Mews. Inamhusu Wiletta Mayer, mwigizaji mweusi aliyezoea kucheka pale anapotakiwa kucheka, ambaye katikati ya mazoezi ya mchezo kuhusu watu weusi wanaouawa na umati anaamua kumwambia mwongozaji wake mweupe kwamba mchezo huo ni uongo. Watayarishaji waliotaka kuupeleka Broadway walimtaka Childress aulegeze ili usiwaudhi watazamaji. Akakataa, mpango ukafa, na heshima ya kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuandika tamthilia iliyoonyeshwa Broadway ikamwendea Hansberry miaka michache baadaye. Childress alifariki 1994. Trouble in Mind ilifika Broadway Novemba 2021, LaChanze akiwa Wiletta, na ikateuliwa kwenye ufufuo.

Ilishindwa na Take Me Out ya Richard Greenberg, tamthilia ambayo mwaka 2003 ilikwishashinda Tony ya tamthilia bora.

Kama kifungu cha pembeni kilikuwa na siku yake, ilikuwa ile. Kazi iliyozuiwa mlangoni kwa sababu ya msimamo wa mwandishi wake ilikuwa imesimama mbele ya mamia ya wapiga kura, nao wakampa tuzo yule aliyekuwa nayo tayari kabatini. Wala haikuwa suala la asiyekuwepo na lake halipo, maana maonyesho yote mawili yalikuwa yamefungwa. Take Me Out ilimaliza siku moja tu kabla ya sherehe, kisha ikarudi Oktoba kwa nguvu za ushindi. Trouble in Mind haikurudi.

Kuhusu fedha sitakaa sana, kwa kuwa tuzo ya ufufuo haina uhusiano mkubwa nazo. Journey's End ilisifiwa na wahakiki, ikakosa watazamaji, na ikaonyeshwa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 2007, siku ile ile iliyotangazwa mshindi. Upande wa pili yupo Othello wa Shakespeare, wa mwaka 2025, Denzel Washington na Jake Gyllenhaal wakiwa jukwaani, Leon akiongoza. Tiketi ghali zilifika dola 921. Kwa wiki moja ya maonyesho ya majaribio ziliingia zaidi ya dola milioni 2.8, kiasi ambacho hakuna mchezo usio wa muziki uliokuwa umewahi kukifikia Broadway. Kizuri chajiuza, wangesema watayarishaji. Uteuzi ulipotangazwa Mei, Othello hakupata hata mmoja. Sidhani alionewa. Waigizaji walivaa kisasa, hadithi ikasogezwa kwenye siku zetu, na baada ya hapo usomaji wenyewe ukawa hauendi popote. Gyllenhaal alikuwa mkali kama Iago, adui wa siri wa Othello, lakini wahakiki hawakuona kwa nini tamthilia hiyo ilirudishwa wakati huo, ukiacha majina mawili kwenye bango. Mwaka 1943 Paul Robeson, mwigizaji mweusi aliyekuwa Othello, alikuwa na sababu, na onyesho lake la mara 296 bado ndilo la Shakespeare lililodumu kuliko yote Broadway. Mwaka 1982 James Earl Jones na Christopher Plummer walikuwa na sababu, wakaondoka na tuzo ya ufufuo.

Na pengine usomaji mpya wa Shakespeare uliozungumziwa zaidi mwaka 2025 haukuwa hata kwenye mashindano. Mwezi Agosti, katika jukwaa la wazi la Delacorte ndani ya Central Park, Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya, aliongoza Twelfth Night akimpa Lupita Nyong'o nafasi ya Viola na mdogo wake wa kuzaliwa, Junior, nafasi ya Sebastian. Pacha hao waliotenganishwa na dhoruba, kwenye nchi ya ugenini, walikuwa na Kiswahili chao cha nyumbani. Kwa msomaji wa Mabepari wa Venisi na Juliasi Kaizari za Mwalimu Nyerere, Shakespeare kusema Kiswahili si ajabu. Ajabu ni kukisikia katikati ya New York, kikifanya kazi ya kueleza uhamiaji bila hotuba. Tiketi zilikuwa za bure. Delacorte haimo kati ya kumbi 41 za Broadway, kwa hiyo kwa Tuzo za Tony onyesho hilo halipo. Van Hove alipewa tuzo kwa aina hiyo hiyo ya ujasiri, lakini yeye alikuwa ndani ya uzio.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati ningependekeza jambo moja dogo: tamthilia isiyowahi kufika Broadway isihesabiwe kongwe mpaka itimize miaka 25 tangu onyesho lake la kwanza. Fuller angebaki ndani, Wilson na Crowley pia, na Childress bila shaka. Hwang, Spector na Jacobs-Jenkins wangehamia kwenye tamthilia mpya, na sidhani wangelia.

Chukua mwaka 2024. Ufufuo uliwaniwa na Appropriate, Mary Jane ya Amy Herzog iliyoandikwa katika muongo uliopita, An Enemy of the People ya Ibsen na Purlie Victorious. Hii ya mwisho ni kazi ya Ossie Davis ya mwaka 1961, dhihaka tamu juu ya mashamba ya pamba ya Georgia na mhubiri mwenye maneno mengi kuliko pesa. Ilirudi Broadway baada ya miaka 62, Leslie Odom Jr. akiwa Purlie na mwongozaji akiwa, kwa mara nyingine, Kenny Leon. Kwa kanuni ninayoipendekeza, mashindano yangebaki kati ya Ibsen na Davis, yaani kati ya waongozaji wawili waliokuwa na kitu cha kufufua kweli. Upande wa pili Appropriate ingekutana na Stereophonic, iliyokuwa imeweka rekodi ya uteuzi 13 kwa tamthilia. Jacobs-Jenkins huenda angeshindwa usiku ule. Hata hivyo ni pambano ambalo ningelipa tiketi kuliona, na lingemkuta akiwa mahali pake, miongoni mwa walio hai.